Kocha akitaka kombe, goti la mtoto hulipa

Jumatatu moja jioni, baba mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa na mwanawe wa miaka 12. Mtoto alikuwa angali na sare ya shule, na alikuwa akichechemea mguu wa kulia. Kabla sijamwuliza lolote, baba alikuwa ameshanieleza shida yote. Fainali ya mashindano ya akademia ilikuwa Jumamosi. Kijana ndiye mfungaji mabao wa timu. Kocha alikuwa amepiga simu mara mbili siku hiyo.

"Daktari, naomba sindano moja tu ya kutuliza maumivu. Fainali ikiisha atapumzika hata mwezi mzima."

"Keti kwanza, mzee," nilimwambia. "Acha nimwone kijana."

Chini kidogo ya pia ya goti palikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa njugu. Nilipoubonyeza, mtoto aliruka. Maumivu hayo yalikuwa yamekaa naye wiki saba, lakini hakumwambia mtu kwa sababu alihofia kuwekwa benchi. Nilimwuliza anacheza siku ngapi kwa wiki, akaanza kuhesabu kwa vidole. Jumanne na Alhamisi ni timu ya shule. Jumatano, Jumamosi na Jumapili ni akademia. Ijumaa jioni ni timu ya mtaa. Ikabaki Jumatatu.

"Na Jumatatu unapumzika?"

"Hapana, daktari. Jumatatu tuna somo la michezo."

Tulijumlisha saa zote, mimi, yeye na baba yake. Zilikuwa 14 kwa wiki, bila kuhesabu hilo somo la Jumatatu. Baba alinyamaza. Hakuwa amewahi kuzihesabu pamoja, na naamini hata makocha hao watatu hawakuwa wamezihesabu. Kila mmoja alijua saa zake tu.

Mpenzi msomaji, huenda nawe una mtoto anayecheza kandanda, anayekimbia au anayeruka, na huenda unalipa karo ya akademia kila mwezi ukitumaini atafika mbali. Hilo ni jambo jema, na sisemi mtoto aketi nyumbani akitazama simu. Ninalotaka tulitazame leo ni hili: kocha anayetafuta kombe la watoto wa miaka 12 na kocha anayemjenga mchezaji wa miaka 20 hawafanyi kazi moja, hata kama wote wawili wanapuliza filimbi katika uwanja uleule. Tofauti yao huonekana mapema mno katika chumba cha daktari.

MFUPA UNAOKUA

Mfupa wa mtoto huongezeka urefu karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini ambalo bado halijageuka kuwa mfupa mgumu. Kwa wasichana, magegedu hayo kwa kawaida hufunga kati ya miaka 13 na 15, na kwa wavulana kati ya 15 na 17. Kabla ya hapo, sehemu hizo ni dhaifu kuliko kano zinazozivuta. Mtu mzima akijikwaa vibaya huenda akachanika kano. Mtoto akipatwa na jambo hilohilo, kano hubaki nzima lakini gegedu likaachia.

Sasa tazama goti. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hushuka, hupitia kwenye pia ya goti, kisha hujishikiza juu ya mfupa wa muundi. Kila mtoto anapopiga mpira, anapotimua mbio au anaporuka, msuli huo huvuta hapo. Katika umri wa kurefuka haraka, mfupa hutangulia na msuli hubaki nyuma, kwa hiyo mvuto huzidi. Mtoto akipumzika, mwili hukarabati. Asipopumzika, pahali pale huvimba na kuuma. Madaktari Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich waliueleza ugonjwa huu mwaka 1903, kila mmoja kivyake, na ndiyo maana unaitwa Osgood-Schlatter. Wa kisigino, ambao huwapata hata watoto wa miaka 8 au 9, hasa wanaocheza na daluga kwenye viwanja vikavu kama vyetu, ulielezwa na daktari James Sever mwaka 1912.

Kwa hivyo si ugonjwa mpya. Kilicho kipya ni mtoto kuwa na timu tatu.

Habari njema ni kwamba mara nyingi hauhitaji upasuaji wala dawa kali. Unahitaji kupunguza mchezo, barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 baada ya mazoezi, kunyoosha misuli ya paja kila siku, na subira. Maumivu yakiwa kidogo na yakiisha kufikia asubuhi inayofuata, mtoto anaweza kuendelea kucheza kwa kiasi. Yakimfanya achechemee, asimame kabisa. Uvimbe mdogo unaweza kubaki hapo maisha yake yote bila kumsumbua.

Sindano haimo katika orodha hiyo. Sindano ya steroidi katika kano ya mtoto inaweza kuidhoofisha. Ile ya diclofenac, ambayo imekuwa kama chai katika zahanati zetu, haiponyi chochote hapo bali huzima kengele. Mtoto ataingia uwanjani bila kusikia maumivu, na siku mbaya atakaporuka kupiga kichwa, kano inaweza kung'oa kipande cha mfupa. Hilo ni nadra, lakini likitokea ni chumba cha upasuaji na skrubu.

KOMBE KATIKA OFISI YA MWALIMU MKUU

Nilipomkatalia yule baba, hasira zake nilizielewa. Nami nimewahi kukubali.

Nilikuwa daktari mchanga, mwaka wa pili kazini, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Mwalimu wa michezo wa shule moja alimleta msichana wa miaka 13, mkimbiaji wa mita 1,500, akiwa na maumivu katika muundi. Yalikuwa yameanza kama kitu kidogo na sasa yaliuma hata akitembea. Mashindano ya mkoa yalikuwa siku mbili mbele. Mwalimu alikuwa mtu mwungwana, na msichana mwenyewe alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikaandika diclofenac, nikafunga bendeji, nikawatakia kila la heri.

Alishinda. Kombe likawekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Siku kumi baadaye aliletwa akiwa hawezi kukanyaga chini, na eksirei ikaonyesha ufa katika mfupa wa muundi. Nilipouliza maswali ambayo nilipaswa kuuliza mara ya kwanza, niligundua kwamba alikuwa akikimbia mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa uji wa asubuhi na githeri ya mchana, na kwamba hedhi yake, iliyokuwa imeanza mwaka uliotangulia, ilikuwa imekatika miezi mitano. Msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo hupoteza nguvu ya mifupa, na kukatika kwa hedhi ndiyo dalili ya wazi kabisa. Makocha wengi, kwa kuwa ni wanaume, huona haya kuuliza. Mimi sikuwa na kisingizio hicho.

Alikaa na plasta wiki nyingi. Msimu uliofuata shule ilikuwa na mkimbiaji mwingine. Sikusikia tena kwamba amekimbia.

MREFU WA LEO

Tuwe waadilifu kwa makocha. Kocha wa akademia mtaani hulipwa na wazazi, na mzazi hupeleka mtoto mahali penye makombe kwenye kabati. Akipoteza mechi tano, watoto kumi wanahamia kwa jirani. Sisi wazazi ndio tunaouliza "Mlishinda?" kabla hatujauliza "Ulicheza?" Mimi mwenyewe nimewahi kupiga kelele kando ya uwanja hadi binti yangu akaja wakati wa mapumziko kuniomba niende nikakae ndani ya gari.

Lakini ni vyema mzazi aelewe ushindi wa watoto unatokana na nini. Katika umri wa miaka 12 au 13, watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kutofautiana miaka mitatu au zaidi katika ukomavu wa mwili. Mmoja ameanza kuota ndevu, mwingine bado ana sauti ya kitoto. Kocha anayetafuta kombe atamchagua yule mrefu, atamweka nyuma apige mipira mirefu, na atashinda. Mdogo mwenye akili ya mchezo atakaa benchi hadi achoke, kisha ataacha. Baada ya miaka minne wenzake wamemfikia yule mrefu kwa kimo, naye hajafundishwa kutuliza mpira kwa sababu hakuhitaji. Kocha amewapoteza wote wawili. Lionel Messi alikuwa mtoto aliyepungukiwa na homoni ya kukua. Barcelona ilimchukua akiwa na miaka 13 mwaka 2000 na kumgharamia matibabu. Kocha wa kombe la Jumamosi angemtazama kimo na kumpa kazi ya kubeba chupa za maji.

Tamaa hiyohiyo ndiyo mama wa udanganyifu wa umri. FIFA ililazimika kuanza kupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, kwa sababu gegedu lililokwisha kufunga halidanganyi kama cheti cha kuzaliwa. Katika mashindano ya mitaani hakuna MRI. Kijana wa miaka 16 akiingizwa katika timu ya chini ya 13, si haki tu inayovunjwa bali pia miguu ya wanaogongana naye.

Mifano ya kufanya vinginevyo tunayo hapa nyumbani. Ndugu Colm O'Connell alifika Shule ya St Patrick's, Iten, kutoka Ireland mwaka 1976, akiwa mwalimu na si kocha. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyeanza na mita 400 kabla ya kuelekezwa kwenye mita 800. Mwaka 2012 jijini London Rudisha alishinda dhahabu kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Aliyemlea alitazama miaka kadhaa mbele. Huko Mathare, chama cha michezo cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilizipa timu alama za ligi kwa kuzoa taka na kufungua mitaro mitaani, si kwa mabao pekee. Ungedhani mpango kama huo hauwezi kuzaa wachezaji wa maana. Mathare United, klabu iliyotokana nao, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Norway imekwenda mbali zaidi. Tangu 1987 shirikisho lake la michezo lina kanuni za haki za watoto michezoni, zilizorekebishwa mwaka 2007. Hakuna orodha za matokeo wala msimamo wa ligi kabla ya mwaka mtoto anaotimiza miaka 11, na hakuna ubingwa wa kitaifa kabla ya 13. Nchi hiyo ndogo iliongoza kwa medali 39 katika Olimpiki za msimu wa baridi za 2018. Nchini Marekani nako, besiboli ya watoto ya Little League ilianza mwaka 2007 kuhesabu mitupo: mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha mpira zaidi ya mara 85 kwa siku, hata timu iwe inashindwa. Katika softiboli, ambako wasichana hurusha kwa kuzungusha mkono wote, watu waliamini muda mrefu kwamba mtupo huo hauumizi. Sasa mabega yao yamewaonyesha madaktari vinginevyo.

Sisi hatuhesabu mitupo. Lakini saa tunaweza kuhesabu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusu vijana 1,190 wa miaka 7 hadi 18, uliona kwamba wale waliokuwa na saa za michezo ya timu na mashindano kwa wiki kupita umri wao walikuwa katika hatari zaidi ya majeraha mabaya ya kutumika kupita kiasi. Mtoto wa miaka 12, basi, asipite saa 12, timu zote zikijumlishwa. Awe na siku moja kamili ya kupumzika kila wiki, siku mbili zikiwezekana, na miezi miwili au mitatu kwa mwaka bila mchezo huo. Apande miti, aogelee, acheze kitu kingine.

Mpime kimo pia, kila baada ya miezi mitatu, kwa alama ya penseli kwenye fremu ya mlango. Mvulana anaporefuka kwa kasi ya sentimita 9 au 10 kwa mwaka, huo ndio wakati wa kumpunguzia mazoezi, na ndio wakati atakaoonekana mzito na mwenye kujikwaa. Kocha asiyejua atadhani amekuwa mvivu. Mwonyeshe alama za mlangoni.

Nenda ukatazame mazoezi hata mara moja. Ukiona watoto wamepanga foleni wakingoja zamu ya kupiga mpira mmoja, huku wachache wakichezeshwa kila dakika ya kila mechi, uliza. Uliza kila mtoto anacheza dakika ngapi. Uliza mtoto akisema anaumwa, nani huamua arudi lini. Uliza wanapashaje mwili joto. Upo mpango wa FIFA wa dakika 15 hadi 20 kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, wa kuruka kwa mguu mmoja, kujisawazisha na kujifunza kuanguka. Ulipojaribiwa katika nchi nne za Ulaya kwa takriban watoto 3,900, majeraha yalipungua kwa asilimia 48, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hauhitaji kifaa ila mpira. Kocha akikujibu kwamba hana muda huo, umepata jibu lako.

USINGOJE HAPA

Sasa niseme jambo ambalo ni zito kuliko yote, kwa maana si kila goti linalouma ni Osgood-Schlatter.

Maumivu ya goti kwa mtoto yanaweza kutoka kwenye nyonga. Kati ya miaka 10 na 16, hasa kwa mtoto mnene, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza katika gegedu lake. Mtoto hulalamika goti au paja, huchechemea, na mguu hugeukia nje. Goti likipigwa eksirei huonekana zima kabisa, na familia huambiwa irudi nyumbani. Huyo asikanyage chini tena mpaka nyonga ipigwe picha, siku hiyohiyo. Kuchelewa kunaweza kuua kichwa cha mfupa na kumwacha na kilema.

Maumivu yanayomwamsha usiku, au yanayozidi hata akiwa amepumzika, au uvimbe unaokua, yasingoje. Saratani ya mfupa ni nadra, lakini hupendelea sehemu za karibu na goti na umri huuhuu. Kiungo kilichovimba na kuwa moto pamoja na homa ni dharura, kwani usaha ndani ya kiungo hukila kwa siku chache. Kwa familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi au Pwani, mtoto anayepata maumivu ya mifupa mara kwa mara apimwe selimundu kabla ya kulaumiwa mpira. Na mtoto aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akatapika au akasahau matokeo ya mechi, asirudishwe uwanjani siku hiyo hata kama ni dakika ya mwisho ya fainali.

Usinunue tembe dukani ukampa kabla ya mechi. Akiumwa usiku nyumbani, paracetamol ya kipimo cha umri wake inatosha. Aspirini asipewe kabisa mtoto aliye chini ya miaka 16.

Yule baba aliondoka bila sindano na bila kuniaga vizuri. Jumamosi hiyo timu ilishindwa mabao mawili kwa sifuri, na mtoto alikuwa benchi akiwa na barafu gotini. Najua kwa sababu baba yake alinipigia simu usiku kunieleza, kwa sauti ya mtu anayedai. Wiki tatu baadaye walirudi. Kijana alikuwa ameondoka katika timu ya mtaa na kubakiza shule na akademia, Jumatatu na Ijumaa zikiwa za kupumzika. Kocha wa akademia alikuwa amenung'unika, kisha akamweka katikati ya uwanja ambako hakimbii sana na hulazimika kutoa pasi. Mtoto alisema hapapendi huko katikati. Goti lilikuwa bado linauma kidogo akipiga magoti, na nilimwambia huenda likaendelea hivyo miezi kadhaa.

Ukimleta mwanao kliniki kwa maumivu kama haya, mlete pamoja na daluga zake, na uandike kwenye karatasi siku na saa zake zote za mazoezi, timu kwa timu. Kisha mwache aeleze mwenyewe panapouma.